Enesi Kibona, Aliyezipandisha Hiace Hospitalini

Mama Enesi Yonasi Kibona, ambaye leo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 tumekusanyika hapa Chapwa kumsindikiza, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 katika kata ya Ibaba, wilayani Ileje, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Yonasi Kibona na Mama Fortunata Swila. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, na mkunga aliyeitwa alipotea njia akaishia nyumba ya jirani. Mama yake alikuwa akisema kwamba Enesi aliingia duniani kabla ya msaada kufika, na tangu hapo hakumsamehe mtu yeyote aliyechelewa.

Alikulia kwenye baridi ya Ibaba, katikati ya mashamba ya viazi na pareto. Alibatizwa tarehe 25 Desemba mwaka huohuo katika Kanisa la Moravian, na humo alidumu mpaka mwisho. Aliipenda kwaya kuliko kwaya ilivyompenda yeye. Sauti yake ilikwenda ilikotaka, na walimu watatu wa kwaya waliopita kwa nyakati tofauti walimpa kazi ileile ya heshima, nayo ni kutunza sare. Alizitunza kwa miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kuvaa kola yenye doa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 katika shule ya msingi ya Ibaba na kuhitimu la saba mwaka 1976. Kaka yake, Mzee Gwalugano, ambaye yuko nasi hapa, husimulia kisa cha darasa la nne. Mwalimu aliwaagiza wanafunzi wachore ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Enesi, aliyekuwa akitembea kila asubuhi na bibi yake mzaa baba hadi karibu na shule, alichora njia ndefu yenye kupindapinda, na juu yake akaweka miduara kumi na moja. Mwalimu akauliza miduara ile ni ya nini.

"Ni mahali bibi anapokaa kupumzika."

Mwalimu akamwambia hayo hayaandikwi kwenye ramani, tena njia yenyewe ameizidisha urefu. Enesi akajibu, "Mwalimu, bibi yangu hatembei kwa sentimita." Alipata fimbo mbili na sifuri. Mzee Gwalugano anasema mdogo wake alirudi nyumbani akilia, wala si kwa ajili ya fimbo, bali kwa ile sifuri, maana aliamini kabisa kwamba ramani yake ndiyo iliyokuwa sahihi.

Mwaka 1979 kaka huyohuyo alisikia redioni tangazo la nafasi za mafunzo ya wakunga, akamsindikiza kwa miguu hadi Itumba kwenye usaili. Enesi alisoma Mbeya miaka miwili, na tarehe 1 Septemba 1981 akaripoti kwenye zahanati huko Msangano, wilaya ya Momba ya sasa. Kwa mtu wa Ibaba, joto la bondeni lilikuwa adhabu. Aliandika barua nyumbani kwamba huku hata maji ya mtungini yana homa. Hata hivyo alikaa miaka kumi na tatu. Alijifunza Kinamwanga mpaka akina mama wakasahau kwamba ni mtu wa Ileje. Mwaka 1994 alihamishiwa kituo cha afya mjini Tunduma, kando ya barabara kuu, na mwezi Januari 2020 yeye na wenzake wakahamia hospitali mpya huku juu Chapwa. Alistaafu tarehe 9 Aprili 2021, siku aliyotimiza miaka sitini.

Msangano ndiko alikompata mume. Mwaka 1985 gari la zahanati liliharibika, akaletwa fundi kijana kutoka Tunduma aliyeitwa Lusubilo Mtafya. Kazi ilikuwa ya siku moja. Siku ya nne fundi alikuwa bado yuko chini ya gari, na Sista Enesi akamsimamia miguuni, mikono kiunoni.

"Fundi, gari hili lina ugonjwa gani usiopona?"

Lusubilo, ambaye hajawahi kuwa mtu wa maneno mengi, akatoka taratibu, akafuta mikono. "Gari lilipona juzi, sista. Anayeumwa ni fundi."

Walifunga ndoa tarehe 19 Julai 1986. Mungu aliwajalia watoto wanne: Jastin, Brenda, Luka na Anyosisye. Luka alifariki mwaka 1993 akiwa na miezi minane. Mama hakuwa akilizungumzia sana jambo hilo, ila kila alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu wanne, mpaka mwisho wa maisha yake.

Hayo ndiyo ambayo familia inayajua vizuri. Lakini wengi kati yenu mlioujaza uwanja huu leo hamkumjua Mama Enesi leba wala kanisani. Mlimjua kwa sababu ya kazi aliyoifanya akiwa ameshastaafu, na familia imeona ni haki ielezwe yote, tangu mwanzo wake.

Hospitali mpya ilipofunguliwa, ilikuwa na vyote ambavyo kituo cha zamani hakikuwa navyo. Shida ilikuwa moja tu. Kutoka barabara kuu hadi getini ni kilomita tatu na nusu za kupanda, na hiace hazikupanda. Zilimshusha mgonjwa Njia Panda ya Chapwa zikaendelea na safari yake kwenda Boda, mpakani. Kutoka hapo, mwenye nguvu alitembea, na mwenye chochote mfukoni alipanda bodaboda, hata kama ana uchungu wa kujifungua.

Tarehe 23 Novemba 2020 Mama Enesi alikuwa zamu ya mchana leba. Alipokewa mwanamke kijana kutoka Msangano aitwaye Rozi, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa mikononi mwa Mama Enesi miaka ishirini na saba iliyotangulia. Rozi alikuwa ameshushwa Njia Panda akiwa na uchungu na presha imepanda. Mvua ilikuwa imenyesha, kilima kikawa utelezi mtupu, na waendesha bodaboda wakaogopa kumpakia. Basi akapanda kwa miguu, amemwegemea mama mkwe wake. Ilimchukua saa mbili kufika getini. Rozi alipona. Mtoto wake wa kiume hakupona.

Mama Enesi alimwosha mtoto, akamfunga khanga, akamweka kifuani kwa mama yake ili amuage. Aliporudi nyumbani jioni hakuvua hata viatu. Alimwambia mumewe, "Baba Jastin, leo hatukushindwa leba. Tumeshindwa barabarani."

Mwanzoni mwa mwaka 2022 yakaja mapendekezo ya kubadilisha njia za hiace mjini. Foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia ilikuwa inaziba barabara kuu, na kila mtu alikubali kwamba lazima kitu kibadilike. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kuzipitisha hiace barabara za pembeni, moja kwa moja kutoka stendi hadi Boda. Hospitali haikutajwa popote. Mama Enesi aliisoma ile karatasi kwenye mbao za matangazo ofisi ya kata, akairudia, kisha akaenda nyumbani kuandika yake. Aliandika kwa mkono, kurasa tatu: hiace zitoke stendi, zikunje Chapwa, zipande hospitali, zishukie upande wa pili kwenda Boda. Alizunguka nayo kutafuta sahihi, makanisani, sokoni, kwenye mashine za kusaga. Alipata sahihi mia sita na kumi na mbili. Moja ilikuwa ya mfanyabiashara mwanamke kutoka Nakonde ng'ambo, aliyekuja kumtibisha mtoto na kuteseka na kilima kilekile. Yule mama alitia sahihi, akasema, "Natotela, mayo," yaani asante, mama, akavuka kurudi kwao.

Waliopinga walikuwa na hoja, na Mama Enesi hakuwahi kuwasema vibaya. Mwenyekiti wa wenye hiace, Bwana Kefa Silwimba, alisema wazi kwamba abiria wanataka kufika Boda, si kuzungushwa mlimani. Alisema kilima kitachoma klachi, utelezi utaangusha magari, na mchana hiace zitashuka tupu. Wenye maduka ya barabarani nao waliogopa kupoteza wateja. Walikuwapo na wachache waliomtupia maneno, kwamba mstaafu huyu anatafuta udiwani. Aliwajibu kwamba udiwani ni vikao, na yeye vikao humchosha hata kabla ya chai kuletwa.

Jambo lililomuumiza lilitokea nyumbani. Mwezi Februari madereva wawili walifika gereji kwa Mzee Lusubilo wakamwambia, "Fundi, mwambie mama anyamaze. Vinginevyo tutafute fundi mwingine." Na kweli, wiki mbili nzima hakuna hiace iliyoingia gereji. Mzee alikaa kwenye benchi lake akisugua spana ambazo hazikuwa na uchafu.

"Mama Jastin," alimwambia mkewe siku moja wakati wa chakula cha mchana, "hawa ndio waliowasomesha watoto wetu."

"Najua."

"Basi?"

"Basi mimi ndiye niliyempokea Rozi."

Walimaliza kula, na Mama alikiri baadaye kwamba siku hiyo ndiyo pekee aliyokaribia kuzichana zile karatasi tatu.

Mkutano wa hadhara ulifanyika Alhamisi tarehe 10 Machi 2022, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule karibu na Njia Panda. Aliyeuendesha ni ofisa wa usafiri, Bwana Joshua Halinga, kijana mtaratibu aliyevaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Watu walijaa mpaka madirishani. Bwana Kefa alizungumza kwanza, akapigiwa makofi na madereva. Ilipofika zamu ya Mama Enesi, wote walitazamia asome zile kurasa zake. Hakuzisoma.

"Bwana Ofisa," alisema, "hapo mezani kuna karatasi mbili, yenu na yangu, na zote zimeandikwa na watu waliokaa kwenye viti. Naomba tusimame, twende hospitali kwa miguu, kisha tujadili tukifika."

Ukumbi ukacheka. Bwana Halinga akatazama saa. "Mama, ni dakika arobaini."

"Ni dakika arobaini kwako wewe. Leo atatangulia Bibi Nesta."

Bibi Nesta Simfukwe alikuwa na miaka sabini na minne, na kisukari kilikuwa kimemwachia kidonda mguuni. Kila Jumatatu na Alhamisi alikuwa akipanda kilima kwenda kusafishwa. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma na fimbo yake ya kutembelea, na hakuletwa pale kwa ajili ya mkutano. Ile ilikuwa siku yake ya kliniki. Angepanda hata kama sote tungekuwa tumelala.

"Sharti ni moja tu," Mama Enesi akaongeza. "Hakuna kumpita."

Walitoka saa nne na nusu. Watu karibu mia moja na themanini, ofisa, diwani, madereva, wenye maduka na akina mama wenye watoto mgongoni, wote nyuma ya bibi mmoja. Mvua ya usiku ilikuwa imeuloanisha udongo mwekundu. Hatua mia moja za mwanzo kulikuwa na utani. Madereva walipiga miluzi, mmoja akauliza kama kuna tiketi. Bibi Nesta alipokaa kupumzika mara ya kwanza, kwenye jiwe lililo mbele ya mashine ya kusaga, walisimama wote, wakangoja. Mara ya pili utani ulipungua. Mara ya tatu uliisha. Jua lilitoka, watu wakaanza kuvua makoti, viatu vya Bwana Halinga vikawa na rangi ya kilima. Katika kupanda kule kugumu, karibu na kalavati, Bibi Nesta aliteleza akapiga goti. Bwana Kefa, mtu mwenye mwili wake, alikuwa wa kwanza kumfikia.

"Bibi, panda mgongoni nikubebe."

Bibi Nesta alijifuta matope, akamtazama. "Leo unanibeba kwa sababu wapo wa kukuona, mwanangu. Jumatatu utakuwepo?"

Bwana Kefa alirudi nyuma, akatembea kwa mwendo wa bibi mpaka juu.

Walifika getini saa sita na robo. Wauguzi walipomvua Bibi Nesta kiatu, soksi ilikuwa imelowa damu. Mkutano uliendelea palepale, watu wamekaa kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje na kwenye majani.

Hapo ndipo baadhi walifikiri mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Bwana Kefa alisimama, na familia inamheshimu kwa alichokisema, kwa sababu alikisema kwa ukweli. "Mama Jastin, nimeona kwa macho yangu. Lakini huruma haitii mafuta kwenye tangi. Kilima hiki kitatuchomea klachi, na gari likiwa bovu hata hao wagonjwa hawatafika."

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Naomba nafasi."

Alikuwa Mzee Lusubilo, amevaa ovaroli lake la gereji. Hakuna aliyemwona akipanda. Mke wake mwenyewe hakujua kwamba yumo.

"Nina miaka thelathini na minane ninatengeneza magari mji huu," alisema. "Kefa, klachi zako zote nimezifunga mimi. Zimeungua Boda, kwenye foleni, dereva ameulaza mguu wake juu ya pedali tangu asubuhi. Magari ya hospitali hupanda kilima hiki kila siku, na hakijaniletea hata klachi moja. Na nikisema hivi najipunguzia kazi mwenyewe."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka wodini. Kefa naye alicheka, akatikisa kichwa. Mama Enesi hakucheka. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza, na wanawake waliokaa karibu naye wanasema machozi yalimtoka hadharani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona katika miaka arobaini ya leba.

Bwana Halinga alitoa uamuzi mbele ya wote: majaribio ya miezi mitatu, kuanzia tarehe 1 Aprili, kwa magari manne. Yakipanda zaidi ya nusu tupu, njia itafutwa na pendekezo la kwanza litarudi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya. Asubuhi magari yalijaa, na kuanzia saa tano yalipanda na watu watatu, wanne. Madereva wakaanza kunung'unika, na mmoja akawa anageuzia njiani bila kufika juu. Mama Enesi hakwenda kumshitaki. Alipanda na gari lile siku tano mfululizo, amekaa nyuma ya dereva, anauliza kila abiria anakwenda wapi na kwa nini saa hiyo. Siku ya sita alikwenda kumwona matroni wa hospitali na jambo moja tu: kliniki zote ziko asubuhi, kwa hiyo mji mzima unapanda asubuhi. Wakakubaliana kliniki ya watoto ihamie saa saba mchana, na saa ya kuona wagonjwa ilingane na kufika kwa magari. Kisha akawaomba madereva wasimame shule ya sekondari na mashine ya kusaga, kwa sababu akina mama wenye mahindi nao walikuwa wanapanda kilima kilekile na ndoo kichwani, na hakuna aliyewahi kuwahesabu kuwa ni abiria. Jumapili zote za Mei alizunguka makanisani kusoma ratiba, kwa sauti yake ileile, na safari hii hakuna aliyempa sare atunze.

Katikati ya Juni, Restuta, konda wa gari la pili, alimpigia simu akipiga kelele. "Mama! Tumeacha watu kituoni! Tumejaa!"

"Wangapi mmewaacha?"

"Kumi na moja!"

"Basi rudini mkawachukue, mwanangu, unapiga simu ya nini?"

Jumanne tarehe 5 Julai 2022 watu walikusanyika tena ukumbini. Bwana Halinga alisoma taarifa ya miezi mitatu, kisha akamwita mwenyekiti wa wenye hiace atoe msimamo wake. Bwana Kefa alikwenda mbele bila karatasi. "Mimi nilipinga njia hii," alisema, "na ninyi nyote mlinisikia. Leo ninaomba jambo moja. Ninaomba nafasi ya magari mawili zaidi." Hakumaliza sentensi. Vigelegele vililipuka, watu wakasimama juu ya viti, Bibi Nesta akapunga fimbo yake hewani. Akina mama walimbeba Mama Enesi juujuu wakatoka naye nje mpaka Njia Panda, huku akiwapigia kelele wamshushe, na huku akicheka kama msichana. Hiace zilizokuwa kituoni zilipiga honi zote kwa pamoja, na hata madereva wa malori kwenye foleni, ambao hawakujua habari yoyote, waliitikia kwa honi zao. Siku hiyo Tunduma nzima ililia honi.

Leo magari yanayopanda ni kumi na moja. Barabara imemwagiwa kifusi, kalavati limejengwa upya, na kila gari lina viti viwili vya mbele vilivyoandikwa kwa rangi kwamba ni vya wagonjwa. Mwaka 2023 Mama Enesi na Bwana Kefa, ambao kufikia hapo walikuwa wakigombana kama ndugu wa tumbo moja, walifanikisha gari la siku za kliniki kutoka Msangano hadi mlangoni mwa hospitali. Kwa gari hilo Rozi alikuja mwezi Machi 2024, akajifungua binti mwenye kilo tatu na robo, akaondoka na mwanawe siku ya pili.

Afya ya Mama ilianza kuyumba mwezi Agosti 2023, alipovimba miguu na kukosa pumzi. Madaktari waligundua moyo umetanuka. Alitibiwa hapa hospitalini, na mara mbili alilazwa Mbeya. Mwanae Jastin alitaka kumpeleka kliniki kwa gari lake, akakataa kila mara. Alipanda hiace, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kwa haki yake kamili, akamsahihisha dereva kwenye kila kona. Madereva walimwogopa na kumgombea.

Tarehe 2 Juni 2025 alilazwa kwa mara ya mwisho. Jumatano tarehe 11 Juni, asubuhi, alikuwa na binti yake Brenda kando ya kitanda. Dirisha lilikuwa wazi. Ilisikika honi kutoka getini.

"Ni ya saa nne hiyo?" Mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Ina watu?"

Brenda akaenda dirishani akatazama. "Imejaa, mama. Wengine wanashuka bado."

Mama Enesi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia hesabu imetimia, akafumba macho. Alifariki saa nne na dakika ishirini, akiwa na umri wa miaka sitini na minne na miezi miwili.

Ameacha mume, Mzee Lusubilo Mtafya. Watoto watatu, Jastin, Brenda na Anyosisye. Wakwe wawili, wajukuu saba, kaka yake Mzee Gwalugano na wadogo zake watatu kule Ibaba. Ameacha pia watoto wengi wa Msangano na Tunduma ambao mikono yake ndiyo iliyowapokea, nao wengine leo ni babu na bibi. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, majirani wa Chapwa, na Bwana Kefa na wenzake, walioyasimamisha magari yote kumi na moja asubuhi hii ili kuwaleta waombolezaji bila kumtoza mtu. Saa nane kamili yanarudi njiani, kama yeye mwenyewe alivyoagiza kitandani.

Mwenyezi Mungu ampe Enesi mapumziko, ambayo hapa kwetu hakukubali kuyachukua.